Wimbo hutungwa kabla ya studio: Misingi ya utunzi kwa anayeanza peke yake na kwa kundi

WATU wengi wanaotamani kutunga nyimbo huianza safari yao katikati ya njia. Kwanza hutafuta fedha za studio, kisha humtafuta mtayarishaji wa kuwatengenezea mdundo, na mwisho kabisa, wakiwa tayari wamesimama mbele ya kipaza sauti, ndipo huanza kutafuta maneno ya kuimba.

Matokeo yake yanafahamika. Kijana wa Buzuruga, katika Wilaya ya Ilemela mkoani Mwanza, anaweza kudunduliza fedha kwa miezi kadhaa, akalipia saa chache za kurekodi, kisha akatoka na wimbo ambao hata rafiki zake hawaukumbuki wiki inayofuata.

Lipo tatizo la pili, nalo ni zito zaidi. Wapo wanaotoka studio wakiwa na wimbo mzuri, lakini hawajui ni wa nani. Je, ni wa yule aliyeleta maneno, wa mwenzake aliyeongeza kiitikio, au wa mtayarishaji aliyetengeneza mdundo? Swali hilo halimsumbui mtu siku ya kurekodi. Huanza kuuma siku wimbo unapopendwa.

Makala haya yanaeleza misingi ya utunzi wa nyimbo kwa mtu anayeanza bila ala na bila fedha, na jinsi ya kutunga na wenzake bila kuishia katika ugomvi. Hoja yake kuu ni kwamba utunzi ni kazi ya mikono kama ushonaji au useremala: una vipimo, una hatua, na hufundishika.

Shule iliyo kando ya barabara

Mkazi wa Buzuruga hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Barabara hiyo hiyo inayopita hapo kuelekea Musoma humfikisha Kisesa, na hatua chache kutoka hapo ni Bujora, ilipo makumbusho ya utamaduni wa Wasukuma. Kituo hicho kilianzishwa katika miaka ya 1950 na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada.

Kila mwaka, karibu na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, hufanyika hapo tamasha la Bulabo. Vikundi vya ngoma vya pande mbili zenye ushindani wa tangu karne ya 19, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja.

Mshindi huamuliwa na umati. Watazamaji hukimbilia kule kunakowavutia, na upande wenye watu wengi ndio ulioshinda. Kwa mtunzi, hakuna mtihani mkali kuliko huo, kwa sababu wimbo usioshika masikio huachwa ukiimbwa mbele ya uwanja mtupu.

Ndiyo maana katika ngoma hizo mtunzi na kiongozi wa nyimbo, ambaye Wasukuma humwita ningi, ni mtu mwenye heshima kubwa. Huja na maneno na mahadhi yake, wenzake huyapokea kwa kuitikia, na wimbo hukua kadiri unavyorudiwa.

Ziko pia nyimbo za kazi. Vikundi vya wakulima viliimba shambani, na jembe lililopanda na kushuka ndilo lililokuwa mdundo. Ngoma ya bugobogobo, inayochezwa kwa majembe mikononi, imetokana na kazi hiyo. Funzo lake ni jepesi: mapigo ya wimbo hutoka mwilini kabla ya kutoka kwenye mashine. Anayeweza kupiga makofi kwa mpangilio ana mdundo wa kuanzia.

Wazo moja, tena dogo

Hatua ya kwanza ya kutunga ni kuchagua wazo moja. Kosa la kawaida la anayeanza ni kutaka wimbo mmoja ubebe mapenzi, maisha magumu, shukrani kwa mama na onyo kwa maadui. Msikilizaji hana pa kushika.

Wazo jema husemeka kwa sentensi moja yenye mtu na tendo ndani yake. "Nampenda mama" halijawa wazo la wimbo, kwa kuwa kila mtu anaweza kulisema na hakuna anayeliona. "Mama alinipa nauli yake, yeye akaenda kwa miguu" ni wazo. Lina watu wawili, lina fedha isiyotosha, na lina safari mbili tofauti.

Watunzi wa muziki wa dansi waliijua siri hiyo. Marijani Rajabu, aliyefariki mwaka 1995, alipotunga "Zuwena" na "Mwanameka", aliupa kila wimbo mtu mwenye jina na mkasa wake. Mapenzi ni jambo pana lisiloshikika. Mtu mwenye jina humfanya msikilizaji aulize yaliyompata.

Kwa hiyo anayejifunza awe na daftari dogo, na kila siku aandike jambo moja alilolisikia au kuliona: maneno ya konda, ugomvi wa chenji, ahadi ya mvuvi anayedaiwa. Baada ya mwezi atakuwa na mawazo thelathini, na katika hayo matatu au manne yatakuwa na wimbo ndani yake.

Mizani: kipimo kisichohitaji ala

Hatua ya pili ni kupima maneno. Kiswahili kimempa mtunzi kipimo kilichothibitishwa kwa karne nyingi, nacho ni mizani, yaani hesabu ya silabi katika mshororo. Utenzi wa kawaida una mizani 8 kwa kila mshororo, na shairi la mishororo minne lina mizani 16, iliyogawanywa 8 na 8.

Si lazima wimbo wa leo ufuate sheria zote za ushairi. Lakini mishororo inayolingana hukaa vizuri katika mapigo, na huimbika na watu wengi bila kugombana na pumzi. Tuchukue wazo letu la nauli na kulipima kwa mizani 8:

Asubuhi Buzuruga,
makonda wanaitana,
mama kafungua fundo,
sarafu zikagongana.

Hesabu kwa vidole: a-su-bu-hi-bu-zu-ru-ga. Ni mizani 8, na mishororo mingine mitatu ni vivyo hivyo. Vina vimewekwa katika mshororo wa pili na wa nne tu, kwa silabi "na". Hilo linatosha kumpa msikilizaji hisia ya kufika, bila kumlazimisha mtunzi aokote maneno yasiyo na maana ili mradi yafanane.

Tazama pia kwamba ubeti huo haujataja upendo wala umaskini. Umetaja fundo la khanga na mlio wa sarafu. Fedha inayogongana ni chache, na ni ya mwisho. Msikilizaji ameyajua hayo bila kuambiwa, na kwa kuwa ameyajua mwenyewe, yatamkaa moyoni.

Wasanii wa kizazi kipya nao hawakuiacha elimu hii. Fareed Kubanda, maarufu kama Fid Q, mwana hip hop anayejulikana kuwa ni wa Mwanza, aliipa albamu yake jina "Vina Mwanzo, Kati na Mwisho". Jina hilo peke yake ni somo, kwa sababu linataja mahali patatu ambapo kina kinaweza kukaa katika mshororo.

Mkazo: mahali wengi wanapoanguka

Hatua ya tatu ni kuyafunga maneno kwenye mahadhi, na hapa kuna sheria inayosahauliwa mara nyingi. Katika Kiswahili, mkazo wa neno huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema BuzuRUga, saRAfu, miGUu.

Mkazo ukihamishwa, neno huweza kugeuka. "Barabara" yenye mkazo katika "ba" ya pili, yaani baraBAra, ni njia ya magari. Ikitamkwa baRAbara, maana yake ni sawasawa kabisa. Mtunzi anayeweka pigo zito mahali pasipostahili humfanya mwimbaji atamke maneno kama mgeni anayejifunza lugha.

Sheria hiyo humsaidia anayetumia mizani 8. Kwa kuwa mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mshororo wa namna hiyo utakuwa na uzito katika mizani ya 7. Katika ubeti wetu ni "ru", "ta", "fu" na "nga". Pigo zito la mwisho likiwekwa hapo, maneno na mdundo vitakwenda pamoja. Mwanzo wa mshororo unaweza kuchezewa. Mwisho wake uwe imara.

Kuhusu mahadhi yenyewe, anayeanza asitafute sauti ngumu. Ausome ubeti kwa sauti mara kumi, kama anayemsimulia mtu. Atagundua kwamba sauti yake inapanda mahali fulani na kushuka mahali fulani. Akikuza kupanda na kushuka huko, ameanza kuimba.

Sauti tano za do, re, mi, so na la zinatosha kabisa. Nyimbo nyingi za kienyeji, katika Afrika na kwingineko duniani, zimejengwa kwa sauti tano, na sauti hizo hazigombani kwa urahisi zinapopangwa pamoja.

Namna ya kuhifadhi mahadhi ipo mikononi mwa wengi: simu yenye kinasa sauti. Ipo nyingine isiyohitaji hata chaji. Mfumo wa kuandika sauti kwa herufi, yaani d, r, m, f, s, l na t, ulioenezwa na John Curwen nchini Uingereza katika karne ya 19, uliingia Afrika Mashariki kupitia makanisa, na hadi leo makwaya mengi hufundishwa kwa nota hizo. Atakayeomba mwalimu wa kwaya wa jirani amfundishe ataweza kuandika wimbo wake kwenye karatasi ya kawaida.

Kiitikio kinachobadilika bila kubadilishwa

Kiitikio, au korasi kama wasemavyo vijana, ndicho wimbo wenyewe kwa msikilizaji wengi. Kiwe kifupi, kiwe na lile wazo moja, na kiweze kuimbwa na mtu aliyekisikia mara mbili tu. Kwa wimbo wetu kinaweza kuwa hivi:

Mimi nilipanda gari,
mama yeye kwa miguu.

Hapo ndipo ufundi wa beti unapoonekana. Kazi ya kila ubeti ni kuleta jambo jipya, ili kiitikio kikirudi kiwe na uzito mwingine, ingawa maneno ni yale yale.

Ubeti wa kwanza ni wa asubuhi na sarafu, na kiitikio ni shukrani. Wa pili unaweza kuwa wa jioni: mtoto anarudi na kukuta miguu ya mama imejaa vumbi, kisha anaelewa. Sasa kiitikio ni huzuni.

Wa tatu unaweza kuruka miaka ishirini. Mtoto ana gari lake, anapita barabarani vioo vikiwa vimefungwa, na kando ya njia yuko mama na kikapu chake. Kiitikio kile kile, "Mimi nilipanda gari, mama yeye kwa miguu", kimekuwa shitaka. Hakuna neno lililobadilishwa, lakini wimbo umekwenda kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Beti ambazo zinaweza kubadilishana nafasi bila wimbo kuharibika ni dalili kwamba wimbo umesimama. Mtunzi arudi mezani, na asione haya kufuta.

Kutunga pamoja

Kuna dhana kwamba mtunzi wa kweli hufanya kazi peke yake. Historia ya muziki wa Kiswahili inasema vingine. Siti binti Saad wa Zanzibar, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, kurekodi santuri, na ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, hakufanya kazi peke yake.

Wenzake, wakiwamo Mbaruk, Subeit, Buda Swedi na Maalim Shaaban, walikutana nyumbani kwake Ng'ambo nyakati za jioni. Walizungumza mambo ya siku hiyo, yakiwamo ya mitaani na ya mahakamani, na kutokana na mazungumzo hayo zikazaliwa nyimbo. Kikao hicho cha jioni kilikuwa karakana yao.

Kundi la leo linaweza kuiga utaratibu huo. La kwanza ni kugawana kazi. Mmoja awe mwenye wazo, na ndiye atakayesema kama wimbo umepotea njia. Mwingine ashike kalamu, aandike kila mshororo unaotajwa, hata unaochekwa. Wa tatu ashike mahadhi na kuyanasa kwenye simu.

La pili ni kutenganisha muda wa kutoa na muda wa kuchambua. Kwa nusu saa ya kwanza hakuna anayekosoa. Kila kitu kiandikwe. Baada ya hapo ndipo yanachaguliwa yanayofaa. Kundi linalokosoa tangu mwanzo hubakiwa na mmoja anayesema na wengine wanaonyamaza.

La tatu ni kukosoa mshororo na kumwacha mtu. Kauli kama "mizani imezidi moja" au "mkazo umeangukia pabaya" humsaidia mwenzako kurekebisha. Kauli kama "hujui kutunga" humfukuza. Elimu ya mizani na mkazo ina faida hiyo nyingine: huwapa watu lugha ya kubishana bila kutukanana.

La nne ni kuujaribu wimbo kabla ya kuulipia. Uimbeni bila ala mbele ya mtu asiyeujua, kisha mmuulize kesho yake anakumbuka nini. Akikumbuka kiitikio, mna wimbo. Akikumbuka kwamba mliimba vizuri tu, bado.

Wimbo ni wa nani?

Hapa ndipo urafiki mwingi huvunjika. "Malaika" ni miongoni mwa nyimbo za Kiswahili zilizovuma zaidi duniani. Fadhili William wa Kenya aliurekodi, Miriam Makeba akaupeleka mbali, na kundi la Boney M nalo likauimba. Hata hivyo, suala la nani aliyeutunga limebishaniwa kwa miongo mingi. Miongoni mwa waliodai kuwa ni wao ni Adam Salim, aliyesema aliutunga mwaka 1945.

Hatuna haja ya kuamua shauri hilo hapa. La muhimu ni kwamba karatasi moja yenye jina, tarehe na sahihi ya mashahidi, iliyoandikwa siku wimbo ulipotungwa, ingeweza kuuokoa mjadala mzima.

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa Tanzania Bara na COSOTA, na tangu mwaka 1994 ni mwanachama wa Mkataba wa Berne. Kwa msingi wa mkataba huo, haki ya mtunzi huzaliwa pamoja na kazi yake na haitegemei usajili. Usajili husaidia kuthibitisha, lakini wimbo ni mali ya mtunzi hata kabla ya kwenda ofisini.

Mkataba huo huo unataka haki idumu kwa uhai wote wa mtunzi na walau miaka 50 baada ya kifo chake. Pale walipotunga kwa pamoja, miaka hiyo huhesabiwa tangu kifo cha aliyebaki wa mwisho. Maana yake ni kwamba makubaliano ya vijana watatu leo yatawahusu watoto na wajukuu wao.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba wimbo na rekodi ni mali mbili. Maneno na mahadhi ni kazi ya mtunzi. Rekodi ni uimbaji mmoja wa wimbo huo ulionaswa studio, na inaweza kuwa na mwenyewe mwingine. Kumlipa mtayarishaji kwa kazi yake, au kurekodiwa bure, hakupaswi kumfanya mtunzi apoteze wimbo wake bila kujua. Ikiwa mtayarishaji ameongeza mahadhi au maneno na anastahili sehemu, basi iandikwe.

Karatasi ya makubaliano haihitaji lugha ya mahakamani. Iwe na jina la wimbo, tarehe, majina ya watunzi, nani ametunga maneno na nani mahadhi, na kila mmoja ana asilimia ngapi. Itaje pia kama mtayarishaji analipwa ujira au anapata sehemu. Wote watie sahihi, na kila mmoja abaki na nakala. Karatasi hiyo iandikwe kabla ya kuingia studio, wakati bado hakuna fedha ya kugombea.

Pa kuanzia

Anayesoma makala haya na kutamani kuanza anaweza kuanza leo. Achague jambo moja aliloliona wiki hii, aliandike kwa sentensi moja yenye mtu na tendo, kisha alipime kwa mizani 8 katika mishororo minne. Aupigie makofi ubeti huo, ausome kwa sauti hadi uanze kupanda na kushuka, kisha autafutie kiitikio cha mishororo miwili.

Wimbo wa kwanza pengine hautakuwa mzuri, na wa pili vivyo hivyo. Fundi cherehani naye huanza kwa kuharibu kitambaa. Tofauti ni kwamba kitambaa cha mtunzi ni maneno, na hayo hayauzwi dukani.

Studio ipo, na itaendelea kuwapo. Ni vyema mtu aifikie akiwa na wimbo uliokwisha kupimwa, uliokwisha kujaribiwa masikioni mwa watu, na wenye karatasi inayoonyesha ni wa nani.